Kabla Hujanipa Arbuni

Keti, Bi Arafa. Mkoba uweke hapo, pesa zisubiri.
Najua ukumbi umeshauona, ule wa Tudor,
na rangi umechagua, zambarau na dhahabu,
na wageni umeshawahesabu: mia nne.
Mia nne kwetu Mombasa ndiyo kusema mia sita,
kadi ya mmoja huja na shoga, na mtoto wa shoga.

Mimi nauliza mengine.
Sufuria za pilau zitainjikwa wapi?
Kuni au gesi? Na turubai la wapishi
liko hatua ngapi kutoka motoni?
Jenereta nani ataijaza mafuta,
naye huijaza ikinguruma
au huizima kwanza, watu wakae gizani dakika tano,
wanung'unike?
Waya zapita wapi?
Na huu ni mwezi wa tano. Mvua yake waijua.

Wacheka.
"Tumeozesha watoto saba kwa Bismillahi,
hakijavunjika hata kikombe."
Bismillahi hata mimi naisema, tena ndiyo ya kwanza.
Nikishaisema, natia komeo mlangoni.

Nikupe kisa, si cha kukutisha.
Ilikuwa Majengo, kiwanja cha skuli,
hema la nguzo kumi na mbili.
Saa tatu usiku upepo ukaja, wala si upepo wa maana,
upepo wa kupeperusha leso tu.
Bibi harusi alikuwa hajatolewa.
Nguzo ya saba ikakohoa.
Juu yake alikuwa Kaingu, kijana wa Kisauni,
akikaza taa iliyokuwa ikikonyeza.
Wageni wote walitoka salama,
wengine na sahani zao mkononi,
na biriani haikumwagika sana.
Kaingu alitoka na mguu unaotazama nyuma.

Bima nilikuwa nayo, ndiyo.
Wageni waalikwa: wameandikwa.
Mali ya mwenye shughuli: imeandikwa.
Vyombo vya kukodi, mpaka vijiko vya halua.
Aliyepanda nguzo hakuandikwa popote.
Siku mbili nilikaa kwa Bwana Mwadzaya wa bima,
ghorofani, Barabara ya Digo,
akanigeuzia kurasa, akaniwekea kidole
penye herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Hakunidhulumu. Mimi sikusoma.

Bangili zangu sita ziliingia kwa sonara
zikatoka vyuma ndani ya mguu wa Kaingu.
Sasa hutembea, ila huinamia upande mmoja,
kama mtu anayeambiwa siri na ardhi.
Ndiye yule uliyempita nje, anahesabu viti.

Basi hii ada, mstari wa tano,
unayotaka ipunguzwe ili maua yaongezwe,
haipunguzwi.
Na karatasi iliyobanwa nyuma yake ni majina.
Kaingu Nzai, wa nguzo na taa.
Mbeyu, wa masufuria.
Shekuwe na mwanawe, wa kubeba majukwaa.
Na ukimleta mpwa wako atusaidie bure
nataka jina lake, na nambari ya kitambulisho.
Msaada wa bure nao huvunjika mfupa.

Mengine usinidai.
Bwana harusi akighairi, hawalipi.
Mawifi wakinuna, hawalipi.
Na aibu haina fomu. Nilishauliza,
Mwadzaya akacheka mpaka akavua miwani,
akaipangusa kwa tai, akanyamaza,
kisha akaniambia yeye mwenyewe ana mabinti watatu.

Hunywi? Chai imepoa, nikutilie nyingine.
Haya, nieleze tena habari ya zambarau.
Na huyo mpwa,
aitwa nani?